Maji Shingoni mwa Kija

Kirumba, Mwanza
14 Agosti 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kwamba goti limepata nafuu. Baba naye hajambo? Sisi tu wazima, ila moyo wangu haujatulia.

Najua ulikasirika nilipoondoka Nansio na Kija bila kuaga. Mlikuwa mmeshakubaliana na mganga wenu, Mzee Machibya, aje ampasue mjukuu wako ule uvimbe wa shingoni. Sikuweza kukubishia mbele ya wajomba, ndiyo maana nikampandisha melini alfajiri.

Juzi tulipelekwa kwenye chumba cha ultrasaundi hospitalini. Dokta Shamsha alimwambia Kija atoe ulimi, na uvimbe ukapanda juu! Akampaka mafuta mazito ya baridi, mtoto akacheka kwa kutekenywa. Kwenye kioo cha mashine nikaona duara jeusi. Daktari akasema weusi ule ni maji, tena uvimbe wenyewe Kija amezaliwa nao, ila ulichelewa kujitokeza. Kisha akaitafuta tezi ya shingo kwa muda mrefu. Alisema wapo watoto ambao tezi yao yote imo ndani ya uvimbe, na ukiukata umewaharibia maisha. Ya Kija ipo mahali pake. Mama, wembe wa Mzee Machibya ungeyajuaje hayo?

Lakini ndani ya maji aliona na usaha. Akaniuliza, "Nani alimdunga mtoto hapa?"

Mama, ni mimi. Mwezi wa sita, kabla hatujaja huko, niliuchoma kwa sindano ya kushonea, nikidhani utaisha. Ulipoiva na kuwa mwekundu, mlisema ni mkono wa shangazi Evelina, kwamba amemroga, mkamkataza kukanyaga kwetu. Nami nilikaa pale pale, nikanyamaza.

Sasa Kija anameza dawa za kukausha usaha. Baada ya hapo atafanyiwa upasuaji. Nimeshatia sahihi na sirudi nyuma. Usimtume mjomba kunibembeleza. Barua hii msomee Baba, kisha uipeleke kwa shangazi mwenyewe. Nami nikija nitampigia magoti mbele ya wote waliomsema.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, na mama Paskazia jirani. Kija anasema shikamoo bibi, na anauliza kama kuku wake ameangua.

Ni mimi mwanao,
Tereza