Kadi ya Ganze Imekosa Jina

Baba,

Kadi ya Ganze iliungua. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Mvua zilikuja na radi, umeme ukapita kwenye waya wa paani ukaishia ndani ya kompyuta yetu ya kugawa mtandao, na ile kadi ikatoa moshi. Nyingine zilipona. Ungekuwepo ungesonya, kisha ungeniuliza kama nimeumia.

Sikuumia. Ila tangu siku ile sina raha, na si kwa ajili ya kadi peke yake.

Nilipoanza kazi nawe hapa Malindi, sikuelewa kwa nini ulijisumbua na majina. Kompyuta ikiwaka, kiini cha mfumo, kaneli kama ulivyoiita, huipa kila kadi ya mtandao jina: eth0, eth1, eth2, kwa kufuata iliyoonekana kwanza. Mimi niliona yatosha. Ukaniambia kaneli ni kama nesi wa wodi ya wazazi: ana watoto wengi na haraka nyingi, anamfunga mtoto kitambaa mkononi asipotee, basi. Jina lenyewe hutolewa nyumbani. Na nyumbani ni huku nje ya kaneli, kwenye faili ndogo uliyoandika mwenyewe: kadi yenye anwani hii, namba ambayo kila kadi huzaliwa nayo, iitwe ganze, yenye ile iitwe magarini. Moja ya zahanati ya Ganze, moja ya shule ya Magarini. Ule utaratibu mpya wa majina marefu, unaofuata tundu ambalo kadi imechomekwa, uliuzima. "Nani atapiga kelele enp3s0 kutoka juu ya paa?" ulisema. Wewe ulikuwa juu unageuza antena, mimi chini nimeikodolea macho taa ya kadi. Ukiita "Ganze?" najibu "Imewaka." Tulifanya kazi hivyo miaka yote.

Basi nilinunua kadi mpya, nikaichomeka kwenye tundu lilelile. Haikuitwa ganze. Ikabaki eth0, kwa sababu mstari wako ulikuwa unaitafuta anwani ya kadi iliyoungua, na anwani ile imekwenda na kadi yake. Kulikuwa na kazi ndogo tu ya kufanya, Baba. Kufuta anwani moja na kuandika nyingine. Vidole vilikataa. Niliona nikifuta nitakuwa nimekubali kwamba nawe umekwenda. Nikaliacha jina palepale, halina mwenyewe, nikaenda kwenye mipangilio ya njia na ulinzi nikaandika eth0 mahali pa ganze. Zahanati ikapata mtandao na mimi nikaenda zangu kupika.

Nyumbani nako nilikuwa nafanya vilevile. Mtoto wangu wa pili wa kiume alizaliwa baada ya kukuzika. Wa kwanza alichukua jina la upande wa baba yake, kama desturi yetu Wagiriama ilivyo, kwa hiyo huyu ni wako. Ni Katana, jina lako, hakuna anayebisha, na mume wangu alikubali zamani. Ni mimi niliyesema ngojeni kwanza. Wakawa wanamwita "mdogo". Kliniki walimwandika mtoto wa Kadzo, na siku nesi alipoita hivyo tulisimama wanawake wawili, wote Kadzo, wote na watoto wa kiume mgongoni. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Bado mtu akitaja Katana nilikuwa natazama mlangoni, Baba, natazama kweli, na sikutaka aitikie mwingine.

Baadaye tulipata kazi ya shule ya Marafa, nikaongeza kadi nyingine. Nayo sikuipa jina, ikawa eth1. Juzi umeme ukakatika mji mzima. Uliporudi, kaneli ikaiona ya Marafa kwanza. Ya Marafa ikawa eth0, ya Ganze ikawa eth1, na kila moja ikapewa njia za mwenzake. Zote mbili zikanyamaza.

Nesi wa Ganze, Dama, yule aliyekuwa anakuwekea maji ya kunywa hata wakati wa ukame, alikuwa na mama aliyejifungua na damu haikatiki. Daktari wa Malindi alikuwa akimwelekeza kwa video. Picha ilikatika na umeme, na umeme uliporudi, picha haikurudi. Dama alimwacha mama na msaidizi wake akapanda kilima kutafuta mahali simu inashika. Alimpata daktari kwa sauti, na gari likapatikana. Mama yule yu hai, mtoto yu hai. Kisha akanipigia mimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kadzo, mbona tumepotea?"

Nilirudi kwenye mashine. Mama, mkeo, alikuwa amesimama nyuma yangu, mdogo yuko mgongoni mwake. Akauliza shida ni nini, nikamweleza kwamba jina la ganze bado nimeiwekea ile kadi iliyoungua. Mama hajui kompyuta, na wala hakuwa anazungumzia kompyuta.

"Unamwekea nani hilo jina, Kadzo? Mwenyewe hatarudi kulichukua."

Nililia, Baba. Nililia huku naandika.

Sikuandika anwani ya kadi mpya. Nimelifunga jina kwenye tundu: kadi yoyote itakayokaa pale iitwe ganze. Hii nayo ikiungua, itakayofuata itaitwa ganze. Ya Marafa pia ina jina lake sasa. Najua ungebishana nami. Ulitaka jina liifuate kadi popote ichomekwe. Labda ni kweli. Lakini mimi nimeshachoka kungoja kadi iliyokufa iitike.

Baadaye nikapanda paani mwenyewe, maana antena ya Ganze ilikuwa imelegea. Mama alibaki chini akiitazama taa. Nikaita "Ganze?" Akajibu "Imewaka." Nikaikaza antena kwa bisibisi. Kisha nikaita tena, kwa sauti ile uliyokuwa ukiniitia mimi: "Katana yuko wapi?"

Nikamsikia Mama anapangusa pua.

"Yuko hapa," akasema. "Nimembeba."

Imeniuma, sikufichi. Sijui itaacha kuuma lini. Lakini nakuahidi nitaliita jina hilo kila siku, hata siku ambazo sauti itakwama, mpaka mtoto aligeukie mwenyewe, na mpaka mimi niache kutazama mlangoni. Lala, Baba. Zahanati inapata mtandao.

Mwanao,
Kadzo