Mume Wangu Yuko Kazini

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa kliniki kanipa karatasi. Niandike saa anazoamka mke wangu usiku. Saa tu, babu, kasema, usiandike hadithi. Nimeandika: saa saba na nusu, saa tisa, saa kumi kasorobo. Mwandiko wangu mbaya lakini unasomeka. Niliishia darasa la tatu, mengine nimejifunzia bekari, kwa kuandika idadi ya trei ukutani. Na wenye vyeti vyao walikuja kuniuliza mimi!

Karatasi ni ya nesi. Daftari hili langu. Linakaa chini ya godoro upande wangu.

Jana usiku kanitazama kitandani kama kaona nyoka. Wewe nani? Mumeo, nikamwambia. Mume wangu yuko kazini, kasema, toka kabla hajarudi.

Hakukosea sana. Miaka thelathini na minane nilifanya zamu ya usiku. Mkuu wa tanuri. Naingia saa mbili, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Watu mji mzima walikunywa chai na mkate wa mkono wangu. Lakini nimestaafu miaka tisa sasa! Hiyo tisa imemtoka kichwani. Iliyobaki ni ile ambayo usiku kitanda hiki hakikuwa na mwanamume.

Jumanne, 4 Machi

Nesi alisema usibishane naye. Mimi sibishani. Mimi nasema ukweli mpaka mtu aukubali.

Saa nane usiku kaniuliza tena mimi nani. Nikawasha taa. Nikatoa kitambulisho, nikamwekea mbele ya macho. Jina hilo, picha hiyo. Kakichukua, kakisoma polepole — kusoma bado anasoma kuliko mimi. Akanirudishia kwa adabu. Huyu ni mzee, kasema. Mume wangu hana mvi hata moja.

Nilicheka. Halafu akaanza kulia, nikaona aibu kwa kicheko changu. Hakulala mpaka kulipokucha. Mimi pia.

Alhamisi, 6 Machi

Jana saa tisa usiku nimemkuta getini. Kandambili zangu miguuni, pochi kwapani. Anaenda kwa mama yake. Mama yake kafa binti yetu akiwa bado hajazaliwa. Sasa ile barabara, na malori yale!

Leo nimefunga komeo mlango wa chumba, upande wa nje. Skrubu nne, kazi safi, fundi angechukua siku nzima. Mimi nitalala kwenye kochi sebuleni. Mchezo umekwisha.

Ijumaa, 7 Machi

Aligonga. Nilisikia. Nikasema atachoka.

Alichoka. Nilipofungua alfajiri alikuwa kakaa sakafuni nyuma ya mlango, gauni limelowa. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Kasema: samahani baba, sikuona choo kilipo. Baba! Kama mtu anayemwomba askari.

Nimemwogesha. Nimepiga deki. Komeo nimeling'oa, mashimo manne yamebaki mlangoni.

Kwenye karatasi ya nesi leo sikuandika kitu.

Jumapili, 9 Machi

Nimepata dawa! Nesi kasomea miaka mingapi, na dawa nimepata mimi.

Jana usiku tena: wewe nani, toka, mume wangu yuko kazini. Hasira zikanipanda. Nikavaa kofia, nikasema haya basi, naenda kazini! Nilisema kwa kumkomoa. Yeye akatulia pale pale. Kanifunga kifungo cha juu cha shati. Kasema nenda salama, nje kuna baridi. Akajilaza, akavuta shuka.

Nikasimama nje kama mjinga. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye kreti chini ya dirisha la chumba. Saa nzima ikapita. Mbili. Kimya, anakoroma.

Saa kumi na mbili nikaingia kwa mlango wa mbele. Kafurahi! Pole na kazi, kasema. Nikamjibu, leo mikate ilikuwa mingi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekuwa mfanyakazi tena. Jioni namtembeza mpaka kona na kurudi, baada ya hapo hakuna chai, nampeleka choo, namwachia taa ya ukumbini. Hayo ya nesi. Kisha saa mbili navaa kofia na aproni na kuaga. Hilo langu. Natoka mbele, nakaa nyuma. Nikisikia kaamka nasubiri. Akielekea mlango wa nje nakohoa tu, anarudi ndani.

Nesi kacheka mpaka kafuta macho. Kisha kauliza, na wewe babu unalala saa ngapi? Mchana, nimemjibu, nimelala mchana maisha yangu yote, umeona nimekufa?

Mama Redio, jirani yetu tangu tuhamie hapa, kanichungulia juu ya ukuta. (Redio yake haizimwi, ndiyo jina lake.) Mzee, umefukuzwa ndani? Nikuletee blanketi? Nikamwambia ashughulike na redio yake. Blanketi kalitupa hata hivyo. Hajawahi kunipenda yule mama. Salamu yake kwangu siku zote ni nusu. Kwa mke wangu ni nzima na maswali juu.

Jumatano, 12 Machi

Sikujua kwamba ukuta una maneno mengi hivi.

Nikishaaga na kukaa nyuma, nasikia anahesabu hatua anazodhani natembea mpaka kona. Halafu anaburuta kiti. Kile kizito cha mbao, anakiburuta mpaka mlangoni, anakiegemeza. Kisha anazungumza peke yake. Ni paka yule. Ni upepo. Ni mlango wa jirani. Kila mlio anautaja jina, kama mama anayetuliza mtoto. Saa kumi na moja na nusu kiti kinarudishwa mahali pake. Mimi naingia saa kumi na mbili, kila kitu kimekaa sawa, kitanda kimetandikwa.

Hiyo hakuibuni juzi. Hiyo mikono yake inaikumbuka. Miaka thelathini na minane nilimuuliza kila asubuhi, umelalaje? Na kila asubuhi akasema fofofo.

Niliamini. Ilinifaa kuamini.

Na sasa niandike, hakuna anayesoma. Bwana mkubwa wa bekari aliniita mara tatu. Njoo mchana, kasema, mshahara ule ule, umri unaenda. Nilikataa mara tatu. Mchana wewe ni mmoja wa watu ishirini. Usiku tanuri lilikuwa langu, wote wananiita Chifu. Nyumbani nilisema mchana hakuna nafasi. Mke wangu akasema basi, Mungu atafungua. Aliniombea nipate zamu ya mchana! Nilikuwa napiga mswaki naye anaomba.

Ijumaa, 14 Machi

Binti yetu kaja. Ana miaka arobaini na mitano na bado ananikagua kucha. Anaongea kwa sauti ya juu, sikio la kushoto halisikii. Homa ilimtia degedege akiwa na miaka mitatu, usiku, mama yake kambeba mgongoni mpaka hospitali peke yake. Sikuwapo. Hakuna aliyenipa habari — ndivyo nilivyowaambia, na ndivyo nimesema miaka arobaini na miwili. Sasa neno hilo linatoka lenyewe bila mimi.

Kaona mashimo ya komeo mlangoni. Baba, hii nini? Nikasema skrubu. Kanitazama. Mimi ni mwongo mzuri lakini si kwake.

Kakagua blanketi, kreti, macho yangu. Baba, kasema, hili si suluhisho, hili ni watu wawili wanaokufa zamu kwa zamu. Kwake kuna chumba. Kuna mama mmoja anayekesha na wagonjwa. Binti atamchukua mama yake Jumapili. Na mimi? Na wewe ukitaka, Baba, lakini najua hutaki.

Nikapiga meza. Mke wangu haondoki hapa! Nani atamwambia pole na kazi — nimekosea, nani ataambiwa pole na kazi? Binti kasema: nipe sababu moja, Baba, ya Mama, si yako. Moja.

Nimeitafuta mpaka saa hii.

Amesema atalala hapa usiku wa kesho, sebuleni, aone mwenyewe. Nikimwonyesha usiku mmoja mtulivu huenda akabadili mawazo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwenye kreti, tochi mdomoni.

Mwanzo mzuri. Nimeaga saa mbili, kalala saa tatu. Binti yuko kwenye kochi. Nikasema moyoni, unaona? Unaona Chifu?

Saa nane na dakika kumi dirisha limefunguka juu ya kichwa changu. Mke wangu. Kaniona. Kaka mlinzi, kasema, kaka, samahani kukusumbua. Sauti ndogo, ya msichana. Unaijua bekari pale chini? Nakuomba kimbia umwite mume wangu. Mtoto anaungua, macho yamegeuka. Mwambie aje sasa hivi. Jirani nimeshamtuma, simwoni. Nenda wewe, labda wewe atakusikia.

Nikasema naenda.

Nimetembea mpaka kona. Nimerudi kwa kunyata. Sijui kwa nini nilikwenda, bekari yenyewe siku hizi ni ghala la matairi.

Niandike haraka. Siku ile nilipewa habari. Mama Redio alikuja mwenyewe, peku, akasimama mlango wa bekari, akasema mtoto ana degedege, njoo. Tanuri lilikuwa limejaa. Nikamwambia sawa mama, acha nitoe trei hii, nakuja. Nikatoa. Nikaona nyingine imeumuka, nikisubiri itaharibika. Nikaiingiza. Nikaitoa. Kulikucha. Mkate wa siku ile ulikuwa mzuri. Nakumbuka rangi yake.

Nilifika hospitali saa moja, nikasema hakuna aliyeniambia. Mke wangu akasema haya, umefika.

Sasa hivi ndani kuna taa. Binti kaamka, yuko chumbani na mama yake. Nawasikia wote wawili, huyu kwa sauti yake kubwa.

Mama, mtoto mzima, mtoto ndiye mimi, nishike.
Hapana, dada, mtoto anaungua, baba yake anakuja.
Baba hakuambiwa, Mama. Siku ile hakuambiwa, ndiyo maana hakuja. Unakumbuka?

Kasema vile vile nilivyomfundisha. Neno kwa neno.

Halafu mke wangu, na sasa si sauti ya msichana, ni sauti yake ya leo, ya mchana, ambayo sijaisikia wiki mbili: Aliambiwa. Mama Redio alitoka bekari akanifuata hospitalini, akanieleza. Nilijua kabla hajafika.

Mama, kwa nini hukusema?

Angeondoka, kasema. Mtu mwenye kiburi ukimshika uongo anaondoka. Ningebaki na mtoto na usiku.

Nisingeondoka. Naandika hapa: nisingeondoka. Sijui. Labda ningeondoka.

Kisha tena ile sauti ndogo: mlinzi keshafika bekari sasa? Anakuja?

Kutoka hapa mpaka bekari na kurudi ni dakika ishirini kwa anayekimbia. Zimepita. Nikiingia sasa na aproni yangu nitakuwa mume aliyekuja. Au nitakuwa mzee wa kwenye kitambulisho. Na binti kakaa kitandani, anajua.

Binti kaja dirishani. Baba, uko hapo chini? Kwa sauti ile, na kwa Mama Redio wamesikia, redio imezimwa. Baba! Mama anakuulizia!

Nakuja, nimesema. Halafu nimeandika hili.