Daraja Kabla Barafu Haijavunjika

Jumatatu, 27 Novemba 1933

Arvo amepata kazi! Naandika tena niyaone haya maneno: mume wangu amepata kazi. Tangu mgodi wa shaba ufungwe amekuwa akizunguka nyumba hii kama mtu aliyepoteza ufunguo. Leo mtu wa serikali kasimama kwenye ngazi za ukumbi wa kanisa, akasoma majina. Watajenga upya daraja la Mto Pike, lile lililozolewa na mafuriko. Washington ndiyo inalipa.

Yeye mwenyewe hakufurahi. Kakaa mezani na kofia yake kichwani. Kasema hajawahi kula cha bure. Nikamuuliza, "Nyundo utashika au hutashika?" Binti yetu Kerttu akamtazama: "Baba, kwani wamekufukuza tena?" Hapo ikabidi acheke.

Jumamosi, 9 Desemba

Siku ya mshahara. Nilikwenda dukani kwa Bwana Penhale nikiwa nimenyoosha shingo. Yeye haipendi kabisa hii pesa. Anasema ni sumu, inawalegeza wanaume, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Anayasema hayo huku ananipimia unga. Mkono haukusita hata kidogo. "Na sukari, Bi Aune?" Na sukari. Na iliki! Nilikuwa nimesahau harufu yake.

Jioni shemeji Urho kaja kunywa kahawa. Ni mdogo wake Arvo, naye kaandikishwa darajani, lakini ni mkomunisti mpaka kwenye kucha. Kwake serikali inatupa makombo ili wafanyakazi wasiidai mikate mizima. Kasema hivyo akiwa kwenye kipande cha nne cha mkate wangu wa iliki. Nikamwambia makombo yenyewe naona yanashuka vizuri. Arvo karibu apaliwe na kahawa.

Ijumaa, 15 Desemba

Arvo alibeba mkate wangu kazini, wenzake wakaonja. Sasa wanautaka! Na Bwana Penhale kaniita pembeni, sauti ya chini kama anayeuza siri: nimwokee mikate ya kuweka dukani. Peke yangu siwezi. Nimemwomba jirani yangu Hilja, yule mjane, aje akande unga, na nitamlipa. Mimi, kumlipa mtu! Urho ananiita "bepari wetu." Aseme. Mikono yangu inanukia iliki mpaka kitandani.

Alhamisi, 4 Januari 1934

King'ora cha kiwanda cha mbao kimelia asubuhi! Nilidhani nasikia vibaya. Nikatoka nje bila skafu, nikamkuta Hilja naye kasimama kwenye theluji, mdomo wazi. Daraja linataka mbao, kwa hiyo kiwanda kimewasha moto. Na fundi viatu kafungua duka lake maana watu wa kiwandani wana buti za kushonwa. Nimemwambia Arvo: unaona? Pesa ile ile inatembea. Kutoka kwako kuja kwangu, kwangu kwenda kwa Hilja, kwa Hilja kwenda kwa fundi viatu. Inatembea kama mtu mwenye shughuli zake.

Arvo kasema ndiyo, lakini nani anaisukuma? Wakiacha kusukuma, itatembea?

Nikazima taa. Ila usingizi sikupata, kwa furaha.

Ijumaa, 19 Januari

Wamepunguza saa za kazi. Nusu mshahara. Mikate sita imerudi kutoka dukani. Tumekula mikate asubuhi, mchana, jioni.

Jumatano, 21 Februari

Sasa ni rasmi. Mwisho wa Machi kazi zote zinasimama. Dukani leo ilikuwa vita. Bwana Penhale: "Nilisema mimi! Serikali haiwezi kuinua nchi, nchi inainuliwa na biashara." Urho: "Nilisema mimi! Haikuwa na nia ya kuinua mtu, ilitaka mnyamaze tu." Wameshikana mashati nusu saa nzima, na wote wawili wanasema kitu kimoja: kwamba haiwezekani. Nikawaambia ajabu, hamjawahi kupatana hivi. Wakanikasirikia pamoja.

Arvo alikuwa akichagua misumari. Kasema bila kugeuka: "Ng'ambo kule wana ng'ombe, huku tuna kiwanda cha siagi kimelala. Tangu daraja liende, kila barafu ya mto ikiyeyuka maziwa hayana pa kuvukia, wanawapa nguruwe. Daraja likisimama, maziwa yatavuka bila kuomba ruhusa Washington. Hapo ndipo mtajua kama tuliinuliwa au tulishikwa mkono tu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele za watu. Moyo ulinidunda kama msichana.

Alhamisi, 29 Machi

Siku ya mwisho. Na daraja halijaisha! Ncha zote mbili zimekamilika, lakini boriti za katikati hazijafungwa. Zimelala juu ya jukwaa la miti, na jukwaa limesimama juu ya barafu. Msimamizi Dolan amekusanya nyundo na spana zote, akapakia lorini. Mali ya serikali. Si mtu mbaya. Kampa kila mmoja mkono, macho hakuinua.

Upepo wa kusini tangu asubuhi. Mvua. Paa zinachuruzika mji mzima. Watu wengine wanafurahia joto. Nyumba hii hakuna anayefurahi.

Nimemwambia Hilja sitaweza kumlipa tena. Kasema sawa, kisha akauliza Jumatatu aje saa ngapi.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Mkulima Nestor kavuka na maziwa yake kutoka ng'ambo, farasi wake akazama miguu ya nyuma. Wamemtoa kwa kamba. Nestor kasema hataweka tena kwato juu ya hiyo barafu. Ikipasuka, itazoa jukwaa, na boriti, na msimu wote wa baridi tuliofanya kazi.

Arvo kapita nyumba kwa nyumba: njooni Jumapili baada ya ibada tufunge boriti. Mshahara hakuna, vifaa hakuna. Wengine wamesema watafikiri. Urho kasema kazi bila ujira ni utumwa, na kama Penhale anataka daraja kwa ajili ya duka lake akalijenge mwenyewe. Wamezomeana hapa sebuleni, ndugu wa tumbo moja. "Uliwacheka walipokulipa," Arvo kasema, "sasa hawakulipi bado unacheka." Urho kaondoka bila kahawa. Hilo halijawahi kutokea.

Jumapili, 1 Aprili, Pasaka

Naandika nimesimama, birika liko motoni.

Tulikuwa kanisani. Mchungaji hajamaliza neno la kwanza, barafu ikalia mtoni mara moja, kama bunduki. Kila kichwa kikageuka dirishani. Arvo akainuka. Peke yake! Akapita katikati ya kanisa, buti zake zikilia kwenye mbao. Nilitaka ardhi inimeze, nilitaka pia kupiga makofi. Halafu benchi moja likalia, na jingine. Mchungaji akafunga kitabu, akasema Bwana amefufuka, nendeni.

Bwana Penhale alikuwa mlangoni mwa duka lake. Lilikuwa wazi, siku ya Pasaka! Alikuwa anagawa spana, kamba, parafujo kubwa, kila kitu rafuni, wala haandiki popote. Nilipopita akasema, "Usinitazame hivyo, Bi Aune. Hii ni biashara." Lakini kofia yake ya kanisani ilikuwa imekaa upande.

Sasa ukingo wa mto umejaa watu, wake kwa waume, na suti zao za sikukuu. Ng'ambo Nestor kasimama na madebe ya maziwa na majirani zake, wameshika kamba upande wao. Arvo yuko katikati kabisa, amelala kifudifudi juu ya boriti. Chini yake kuna maji meusi pale palipokuwa na barafu. Boriti moja imefungwa. Moja bado, na mguu mmoja wa jukwaa umeshapinda.

Na Urho yupo. Hakuna aliyemwona akija. Yuko kifudifudi upande wa pili, uso kwa uso na kaka yake, anakaza nati na kubishana kwa sauti ya kusikika mto mzima. "Sifanyi hivi kwa ajili ya Penhale!" Penhale mwenyewe ndiye anayempitishia parafujo. "Kaza tu, bwana," anamjibu. "Nichukie kesho."

Nilipokuwa nakimbia kuja kuchemsha kahawa, Hilja alinishika mkono akaniuliza kama litasimama. Nilisema ndiyo. Sijui nilikuwa namjibu nini hasa, daraja au nchi.

Mto umelia tena. Mara hii vikombe vimetetemeka kabatini. Watu wanapiga kelele, na siwezi kujua kutoka hapa kama ni za hofu au za furaha.

Kahawa imechemka. Arvo bado yuko katikati.