Figo ya Dada

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Bwana asifiwe. Umeamkaje huko? Wifi ameniambia ile mashine ya kusafisha damu inakuacha hoi, hata ngazi unapandishwa kwa kushikwa mkono. Mimi mzima, ila tanuri la mikate linanibabua mikono kama kawaida yake.

Habari ndiyo hii: vipimo vimekubali! Figo yangu inakufaa, daktari mwenyewe alicheka kwa furaha. Kulikuwa na mama mmoja wa ushauri, kazi yake kuwahoji watoaji wa figo kwa faragha, asije mtu akawa amelazimishwa. Akaniuliza, "Wewe unapata nini?" Nikamjibu bila kupepesa macho: binti yangu ameolewa miaka yote hii hajashika mimba. Mungu hawezi kuniona nimetoa kiungo changu halafu amwache mwanangu hivi hivi. Mama yule akanitazama weee, kisha akatia sahihi.

Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele. Kanisa zima vigelegele! Wewe jiandae tu, mwezi ujao tunaingia chumba cha upasuaji.

Dada yako

11 Februari

Dada,

Shikamoo. Pole na mikono. Mimi miguu imevimba, viatu vya kazini havinikai tena, na mageti ya watu yamelala kwenye karakana bila kuchomelewa.

Barua yako nilimsomea mke wangu kwa sauti, nikidhani labda mimi ndiye sikuelewa. Dada, mimi nimo wapi humo? Nimemtafuta mgonjwa, sijamwona. Nimeona mjukuu, mchungaji na vigelegele. Na binti asipopata mimba je? Kila nikija kwako utanitazama ukijiuliza figo yako ilikwenda wapi. Sitaki kuwa chambo cha kumvutia Mungu.

Baki nayo. Hospitali nimeshawaambia wafute tarehe.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Salamu zangu leo fupi. Yaani unavimba miguu huku unanikagua moyo! Wewe ambaye kanisani hujawahi kuingia bila kusukumwa? Haya, kaa na usafi wako. Mimi nimemaliza.

Dada yako

28 Aprili

Mdogo wangu,

U hali gani? Wifi hapokei simu zangu, nasikia kwa watu tu kwamba sasa hata kupumua ni shida. Mimi nalala, lakini silali.

Tangu siku ile nimekuwa nikijichunguza. Nimetafuta pendo ambalo ndani yake hamna faida yangu, sijaliona. Nilipokuwa nakubeba mgongoni utotoni nilitaka mama anisifu. Hata kuokoka, niliokoka kwa kuogopa moto. Nikamwambia mchungaji, akasema huo ni unyenyekevu mkubwa, na mimi nikajikuta nimefurahi kusifiwa! Nilitamani kujizaba kibao.

Sasa nifanyeje? Ukingoja figo ya mtu asiyetaka kitu chochote, utazikwa ukiingoja. Yangu ndiyo hii, ina tamaa zake, lakini inafanya kazi. Nakusihi, ichukue.

Dada yako

6 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini usingizi umerudi. Anayeandika ni mke wangu, mimi nasema tu, kalamu imenishinda.

Nikuambie ukweli? Nilifurahia kukukatalia. Maisha yote mtakatifu wa nyumba yetu ni wewe, na mimi ndiye yule wa kuombewa. Siku ile nikajiona nimekupita. Nilitembea kifua mbele, na miguu yangu hii iliyovimba.

Sasa naogopa kufa, dada. Nataka kuishi, basi, sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Wewe unataka mjukuu, mimi nataka uhai. Twende hivyo hivyo, Mungu atajua mwenyewe la kutufanya. Waambie hospitali nimekubali.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu nikiwa kwenye benchi nje ya hospitali. Sijui hata nikuulize vipi hali yako.

Wamenipima upya. Presha imepanda, na kwenye mkojo wameona kitu ambacho Februari hakikuwapo. Nikawaambia ni mawazo tu, yatapita. Nikamng'ang'ania yule mama wa ushauri, nikamlilia mbele za watu. Daktari amekataa, si sasa wala baadaye. Figo zangu zote mbili nazihitaji mwenyewe. Wewe wamekuweka kwenye foleni ya kungoja mtoaji mwingine, na foleni ni ndefu, sitakudanganya.

Nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi. Kwa Mungu bado hata sijaanza kusema.

Tanuri nimelizima. Kesho napanda basi nije nikae nawe kando ya hiyo mashine, kila siku watakayokusafisha. Wifi asihangaike kuniandalia chochote, na wewe usinishukuru, maana safari hii sikuletei kitu. Nakuja kwa ajili yangu mwenyewe. Nataka kukuona ungali hai.

Dada yako