Maiki Mbili Pacha, na Wimbo wa Maksai wa Babu

Isiolo, Jumamosi. Upepo umeamka vibaya, nguo nilizoanika zimejaa vumbi upya, na mimi nacheka tu. Leo hakuna wa kuniudhi.

Mimi na rafiki yangu Halima tuliagiza maiki za bei nafuu kutoka Nairobi, kila mtu yake. Zilipofika jana tulizifungua pamoja hapa kwangu, tukazipiga picha, tukazichanganya. Rangi moja, umbo moja, namba ile ile ubavuni. Ila yangu ni toleo linalotosheka na umeme wa kompyuta, na yake haisikii kitu bila kisanduku cha umeme. Kisanduku amekifungia kwake, mwenyewe yuko harusini Garbatulla.

Ningesubiri, lakini Ata, nyanya yangu, anarudi Ngaremara kesho. Ndiye pekee aliyebaki anayeujua wote wimbo ambao marehemu babu alimtungia maksai wake. Mimi najua nusu.

Asubuhi nikachagua maiki moja kwa kubahatisha. Ata akaimba mpaka mwisho, macho yamefumbwa kama anayejiimbia mwenyewe. Kwenye kompyuta, mstari umelala kimya.

Karibu nilie.

Sikujua kosa ni la maiki au la kompyuta, nikampigia Halima. "Akiru, fungua hiyo kitu huko chini uangalie ndani," akaniambia huku ngoma za harusi zikivuma. "Yenye imejaa vitu ndio yangu!"

Nikazungusha pete ya chini ya kila maiki, nikavua bomba la nje. Moja, bodi yake ya umeme imesongamana vidude. Nyingine, vitatu vinne tu, kama duka lililofilisika. Hiyo ndiyo yangu, ndiyo maana ya bei ile. Nikaifunga ushanga mmoja wa Ata shingoni isichanganyike tena.

Jaribio la pili nilijipanga. Madirisha nikafunga, kuku nikafukuza, mama na shangazi nikawakataza hata kukohoa. Ata akaimba mistari miwili, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwani mimi nimewakosea?" akauliza. "Nyimbo ya ng'ombe mnaniachia peke yangu?"

Aibu niliyoona! Mimi Mturkana mzima nilikuwa nimesahau kwamba wimbo wa maksai una waitikiaji, na kumnyamazia mwimbaji ni kumwambia hutaki hata kumsikia. Nilitaka sauti safi kama ya studio, nikaishia kumtukana nyanya yangu.

Nikafungua madirisha. Ata akaanza upya, tukamwitikia kwa makofi, mama akaruka hadi kitenge kikalegea. Hata jirani yetu Mama Kendi, Mmeru mwenye duka, akaitikia kutoka kwake. Hajui neno hata moja, lakini alivyojiamini!

Kwenye rekodi maiki yangu inavuma kidogo, na kuna jogoo. Siondoi chochote.

Nilipomchezea rekodi, Ata alisikiliza kichwa ameinamisha. Sauti yake ilipofika pale pa kuitikiwa, akaiitikia mwenyewe, polepole, kisha akasema, "Tena."

Nikarudia. Akaiitikia tena, na hapo nikakumbuka kwamba tangu babu atutoke, Ata anaishi peke yake kule.

Wimbo ninao sasa. Begi langu nimelifunga, liko mlangoni karibu na lake. Maiki inabaki mezani na ushanga wake. Kesho naenda Ngaremara kuitikia.