Mlango wa Kutokea Ulidai Jina Langu

Mbuba, Ngara,
2 Juni 2008.

Mpendwa mwanangu Iteka,

Mimi baba yako mkubwa nimefika miaka sabini na sita. Nimewaona Wabelgiji wakija kutuhesabu na nimewaona wakiondoka. Nimevuka mto Ruvubu nikikimbia mauaji mwaka sabini na mbili, mkeka kichwani. Nimezika wadogo zangu wawili, baba yako akiwa mmoja. Miti ya kilima hiki iliyokatwa kuni na wakimbizi mwaka tisini na nne imeota tena nikiitazama. Basi usidhani nimeshindwa na kompyuta.

U mzima? Baridi ya huko Kanada imepungua? Unapata chakula cha kushiba au bado ni mkate tu? Sisi tupo. Mama yako mkubwa Theodosia mguu unamsumbua, mdomo haumsumbui. Maharage yamekubali, ila migomba ya upande wa chini inanyauka.

Sasa sikia. Sijakukatalia. Soma tena hapo: sijakukatalia.

Barua zako mbili za kwenye kompyuta zilifika. Ya kwanza uliniomba ruhusa ya kuolewa na Ndizeye wa Felisiani. Ya pili ilikuwa fupi, nayo alinisomea Joan, mke wa mwanangu Renatus. Umesema kwetu mzee akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, basi amekataa, na kwamba sikukuu ya Petro na Paulo, mwisho wa mwezi huu, ikifika bila neno langu utamrudishia kijana pete yake. Desturi hiyo nilikufundisha mwenyewe, siibishii. Lakini mimi sikunyamaza! Nilijibu siku ile ile. Nikajibu tena, na tena. Maneno yangu yote yalibaki ndani ya kompyuta kama ng'ombe waliofungiwa zizini.

Kompyuta hii Renatus aliinunua kuukuu kwa shirika moja lililokuwa linafungasha kule kambi ya wakimbizi. Akataka anwani iwe kwa jina lake. Nikakataa. Nyumba yangu, sola yangu, jina langu, tena lote bila kukatwa. Akatengeneza upande wa kupokea, kisha akaitwa kazini Biharamulo, upande wa kutuma akamwachia mkewe amalizie.

Maana inayo milango miwili, hilo sasa nalijua kuliko wengi wa tarafa hii. Wa kuingilia ulikuwa wazi. Wa kutokea ndio uliokaza.

Nilisema ni mtandao. Tukaihamishia meza dirishani, halafu nje kabisa kwenye uwanja, majirani wakaja kutazama kama kuna msiba. Nikasema ni betri, tukakaa bila taa ili ishibe. Joan akaondoa picha yangu ya suti niliyotaka iende pamoja na barua, akisema barua imekuwa nzito. Haikutoka. Kila mara mashine inajibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza Joan inasema nini.

“Inasema haimtambui anayetuma, baba.”

Hainitambui mimi! Mbuba nzima inanitambua.

Nikakupigia simu. Akapokea mwanamke wa lugha ya huko, nikamsalimia vizuri, nikamweleza habari yote mpaka vocha ikaisha. Joan akaniambia ile ni sauti ya mashine tu, namba yako haitumiki tena. Kumwambia Ndizeye kupitia kwa baba yake nako hakufai. Ruhusa ya binti haibebwi na upande wa mwoaji. Nikawa sili vizuri. Nikitembea naongea peke yangu, na sikukuu inasogea.

Aliyeona kosa ni Theodosia. Alikuwa anapukuchua maharage nyuma ya kiti cha Joan, miwani puani.

“Wee Joan, hapo panapotaka jina umeandika nini?”

Theodosia akainama, akasoma mwenyewe.

“Baba Renatus! Mzee, njoo uone, ameandika Baba Renatus!”

Iteka, unajua adabu yetu. Mke wa mwanangu hatamki jina la baba mkwe, wala haliandiki. Tangu aingie hapa, Joan hajalitia mdomoni hata akiwa na hasira. Na mlango wa kutokea unadai jina lile lile la anwani, herufi kwa herufi.

“Nilidhani itaelewa, mama,” akasema, macho chini.

Theodosia alicheka mpaka ungo ukamwagika. “Mashine haina mkwe, mwanangu! Haya mzee, kaandike wewe. Jina si lako?”

Nikakaa. Joan akatoka nje asione. Nikaliandika kwa kidole kimoja, lote, bila kukosea. Sikumgombeza. Wangapi wana mkwe wa namna hiyo? Aliporudi alitia neno la siri, akabonyeza, akasema barua imeondoka.

Yeye anasema imeondoka. Mimi sikuiona ikiondoka, na jibu lako halijaja. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Padri anakwenda Mwanza kesho, ataiposti huko.

Najua ulidhani kimya changu ni kwa sababu ya ng'ombe wa Felisiani. Yule ng'ombe alikula maharage yangu, na hilo silifuti mpaka nife. Lakini wewe huolewi na ng'ombe. Jana baada ya misa nilimwita Felisiani hapa, tukanywa mtungi mmoja wa pombe kwa mrija mmoja, kama watu waliopatana. Aliniuliza, “Kwa hiyo maharage yamekwisha?” Nikamwambia, “Maharage bado. Watoto waoane.”

Basi shika neno langu: olewa, mwanangu. Pete isitoke kidoleni.

Renatus anakusalimu kutoka Biharamulo. Theodosia anauliza kama huko kuna mtama wa pombe ya harusi. Msalimu Ndizeye, mwambie namtazama kutoka huku. Mungu akupe nyumba yenye kelele za watoto, na baba yako alale kwa amani.

Ni mimi, mwenye kukupenda iwe kwa kompyuta au kwa kalamu,
Ndikuriyo Anatory.

Ukiona nimejisifu mno, uliza. Theodosia aliliona kosa kwa miwani yake. Joan atathibitisha yote, ila jina langu hatalitaja. Na Felisiani yupo hapa kitini ninavyomaliza. Alama hiyo ya wino pembeni ya jina langu ni dole gumba lake.