Wa Kwanza Kwenye Hiti ya Kwanza

Jumatatu, 2 Desemba

Pancha za bodaboda asubuhi nzima, na toroli moja la msikitini. Joto la kaskazi limeingia, lami ya njia ya Kaole inanata kwenye ndara. Alasiri nikafunga kijiwe, nikampeleka Sauda bwawani kama kila siku tangu shule zifungwe. Mwenye hoteli amewaruhusu watoto wa mji waogelee likizo nzima, na kuna kocha.

Mtoto anaogelea huyu. Kachukua kwangu. Marehemu dada yangu Mwanaidi, mama yake, maji yakimfika magotini alikuwa anaita watu. Baba yake ni mtu wa kaunta na mizani. Sasa damu ya maji kaitoa wapi kama si kwa mjomba wake? Mimi nilipokuwa kijana niliogelea kutoka Kaole hadi Mbegani na fuko la chumvi kichwani, chumvi ikafika kavu. Waliokuwepo wanajua. Wengi wao wamekufa.

Kocha Joyce, binti wa Dar mwenye filimbi shingoni, anasema Sauda ana miguu mizuri ila anachelewa kugeuka ukutani. Nikamwambia baharini hakuna ukuta. Akacheka. Alijua nimemweza.

Jumatano, 4 Desemba

Salim kapiga simu kutoka Maskati. Baba yake Sauda. Tangu Mwanaidi afariki, mwaka wa pili huu, mtoto yuko kwetu. Sasa Salim anasema amehamia nyumba kubwa, Sauda ana chumba chake, shule imepatikana. Mwezi wa kwanza anakuja kumchukua.

Mimi na mke wangu Tatu Mungu hakutujalia wa kwetu. Huyu ndiye.

Halafu mdomo wangu ukaanza kazi. Nikamwambia, Shemeji, mti uliokwisha shika huwezi kuung'oa. Kuna mashindano Jumamosi ya wiki ijayo, wanane wa kwanza wa kila rika wanaingia timu ya vijana, watafundishwa mwaka mzima hapahapa. Na Sauda ni wa kwanza, hilo halina mjadala. Akiingia mwachie. Asipoingia, njoo umchukue, sitatia neno.

Salim akasema, "Haya. Maneno yako hayo, Shemeji, mimi sikukulazimisha."

Tatu alikuwa anachambua mchicha, kasikia yote. "Umemweka mtoto rehani, Shabani. Kwa mdomo tu."

Chakula hakikupita. Lakini siogopi. Nani wa kumshinda?

Jumamosi, 7 Desemba

Vituko vya bwawani. Leo waliwapambanisha watoto kwa majaribio. Mtindo wa chura, Sauda kafika wa pili, filimbi ikalia, wakasema amefutwa. Kisa? Kagusa ukuta kwa mkono mmoja. Lazima iwe miwili, kwa pamoja. Nikasimama nikamwambia kocha, mama, mtu anayekaribia kufa maji akishika chombo kwa mkono mmoja mnamrudisha? Wazazi wakacheka. Sheria ikabaki pale pale. Haidhuru, tumeamua Sauda ataogelea mtindo huru tu, mita hamsini, kwenda na kurudi.

Baadaye kocha akawaita wazazi kivulini kueleza mashindano yanavyokwenda. Nilikaa nyuma na baba wawili wa Magomeni, nikawapa ile ya Chalinze, siku jeki ilipokatika na mimi nikalishikilia lori la mbao kwa bega mpaka tairi likafungwa. Walishika midomo. Ya kocha sikuyapata yote. Kuna makundi ya miaka, kuna njia sita, kuna mafungu wanayaita hiti. Basi. Anayetangulia anatangulia, kuna jingine?

Sauda alikaa mbele kabisa, anasikiliza.

Jumanne, 10 Desemba

Mji mzima unajua. Mtani wangu Kibwana kaja kujaza upepo kwenye baiskeli, akaanza, "Shabani, tangu lini nyinyi mkashinda kitu? Wewe mwenyewe darasa la tano lilikushinda." Nikamwambia Jumamosi aje nyumbani kula pilau, na midomo aje nayo.

Jioni Sauda kaniuliza kama ni kweli. Baba yake kamwambia yale makubaliano. Nikamwambia kweli, na asiwe na wasiwasi.

"Na nisipoingia, Mjomba?"

Nikamwambia hakuna nisipoingia.

Akaenda kuosha vyombo. Haikuwa zamu yake.

Alhamisi, 12 Desemba

Mtoto hali. Tatu kampikia uji wa mchele na nazi, kaugusa tu. Nikamwambia mabingwa ndivyo walivyo.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika kipande hiki saa nne asubuhi. KASHINDA.

Wasichana wa miaka kumi na moja na kumi na mbili ndio waliotangulia. Sita majini, kila mmoja kati ya kamba zake. Sauda njia ya nne, na ile nguo yake nyeusi ndefu na kofia ya mpira. Honi ikalia. Kwenda walikuwa sawa. Kugeuka, yeye wa tatu. Nikapiga ukelele mpaka mlinzi akanishika bega. Kurudi akawala mmojammoja, mmojammoja, akawa wa kwanza kugusa ukuta. Wa kwanza! Nimeona kwa macho haya. Nimempigia Salim pale pale, maji hayajakauka mwilini mwa mtoto. Kasema mashallah mara nyingi. Kasema, "Basi, Shemeji. Neno ni neno. Namwacha."

Sikusubiri mengine. Watoto walikuwa bado wanaendelea kuingia majini, fungu hili na fungu lile, hayanihusu. Nimemwachia kocha amrudishe Sauda. Nakimbilia sokoni kutafuta nyama.

Jumapili, 15 Desemba

Ya jana niyamalize.

Uani kwetu kulijaa watu. Pilau likaiva, vigelegele, Kibwana kaja na wanawe wote. Nilikuwa nimefika pale ninapoeleza nilivyomfundisha kuvuta pumzi ndani ya beseni la pancha, Sauda akatokea na mfuko wake. Watu wakamshangilia. Akaamkia wakubwa, shikamoo, shikamoo, akapita moja kwa moja jikoni. Nikamfuata. Nilidhani anaona haya.

Akaniambia polepole, wa nje wasisikie. Ile ilikuwa hiti ya kwanza. Zilikuwa tatu. Wanaanza na wenye muda mkubwa, wale wazito, wepesi wanawekwa mwisho. Kisha wanachanganya muda wa wote. Yeye katika wote ni wa kumi na moja.

Nikamwuliza, lakini si uliwashinda?

"Niliwashinda wale watano, Mjomba."

Nikamwuliza kwa nini hakuniita pale pale. Akasema alipotoka majini aliniona tayari niko kwenye simu, nacheka.

Huko uani wanaita, bingwa yuko wapi, tumwone bingwa. Nikatoka. Nikapakua pilau, sahani baada ya sahani. Nikacheka walipocheka. Kibwana akanishika mkono akasema leo umenifunga mdomo, Shabani. Sijawahi kusikia neno zuri likauma namna ile.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimekwenda kwa Kocha Joyce kabla ya watoto kufika. Akanieleza tena, taratibu, kama vile sijawahi kuambiwa. Saa ndiyo inayotafuta mshindi, si jirani yako wa kamba. Unaweza kushinda hiti yako na usiwe kitu, unaweza kuwa wa mwisho kwenye hiti ya mwisho na ukaingia timu. Akasema aliyaeleza haya siku ile kivulini. Nikasema ndiyo, nilikuwepo.

Nikamwomba amwongeze. Awe wa tisa, awe mtumishi wa timu, awe wa kushika taulo, chochote. Nikamweleza habari ya Maskati. Macho yalimlegea. Akasema wanane ni wanane, mzazi wa huyo mtoto wa nane naye ana ya kwake.

Halafu akaniambia Sauda amepunguza sekunde nne tangu likizo ianze, na kwa mbio fupi hiyo ni kubwa, hakuna mtoto mwingine aliyepunguza hivyo. Nikamwuliza sekunde nne zinamwingiza timu? Akasema hapana. Nikaaga.

Njiani nikaamua. Maskati ni mbali. Salim keshasema neno lake. Nani wa kumwambia? Nikawaambia nyumbani tunyamaze. Tatu akachukua ufagio akaanza kufagia pasipo na uchafu.

Sauda akasema, "Na zile sekunde zangu nne?"

Nikamwambia sekunde hazitakuweka hapa. Nitakuweka mimi.

Jumatano, 18 Desemba

Imekwisha.

Salim alipiga baada ya Isha. Furaha tupu, kawaambia ndugu zake, mama yake kamsomea mtoto dua. Anataka kusema na bingwa mwenyewe. Nikampa Sauda simu, nikakaa karibu, goti kwa goti, nikamtolea macho.

Akasema, "Shikamoo Baba. Baba, mimi nilikuwa wa kumi na moja. Lakini nimepunguza sekunde nne."

Nikamsikia Salim, simu ilikuwa na sauti kubwa. "Nne? Nne nzima, mwanangu?" Akauliza alizipunguzaje. Sauda akamweleza. Namna ya kuruka, namna ya kutoinua kichwa. Akaeleza kwa mkono mmoja hewani kama vile baba yake anamwona. Walizungumza mpaka simu ikapata moto. Kwa miaka miwili sijamsikia akisema maneno mengi namna ile. Au alikuwa anasema, mimi ndiye niliyekuwa nasema zaidi.

Mwisho nikapewa simu. Salim hakunitukana. Ningependa anitukane. Kasema, "Mwezi wa kwanza nitakuja, Shemeji. Inshallah."

Nilimgombeza mtoto. Naandika kwa sababu ni kweli. Nilimwambia umejiuza mwenyewe, kumbe hututaki. Akalia. Akasema, "Umemwambia kila mtu nimeshinda kitu ambacho sikushinda. Nilichoshinda hukumwambia hata mtu mmoja."

Tatu akamchukua akaingia naye ndani. Nimebaki barazani na mbu.

Ijumaa, 20 Desemba

Hasemi na mimi. Shikamoo tu, na macho chini. Naitikia marahaba, inatoka kama kikohozi.

Watu bado wananipongeza kijiweni. Kila mkono naupokea. Nimechoka.

Jumatano, 25 Desemba

Kazi hamna, wenzetu wanasherehekea. Nimekaa. Nimewaza siku Mwanaidi alipolazwa, Sauda alivyokaa kwenye benchi na viatu vyake mkononi. Alikuwa mdogo, ananiuliza mama ataamka saa ngapi. Nikampa hadithi ndefu. Nilimpa hadithi mpaka maziko yakaisha.

Moyo unaniuma. Sina neno jingine la kuweka.

Jumatatu, 30 Desemba

Nimempeleka bwawani. Sikumwambia kitu njiani. Nikamwomba Kocha Joyce saa yake ile ya kubonyeza, akanionyesha pa kubonyeza, akanitajia na muda wa Sauda wa mashindano. Sauda akaniangalia, akavaa kofia.

Nikambonyezea. Sikupiga ukelele. Nilimtazama tu, na ndipo nilipoona ule ukuta. Kweli anachelewa kugeuka. Anaugusa, anatulia kidogo, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Likizo nzima niko pale na sikuwahi kuona.

Alipotoka nikamwambia, umechelewa kidogo kuliko siku ya mashindano.

"Kidogo gani?"

Nikamwonyesha saa. Akaisoma, maji yanamdondoka puani. "Basi nirudie," akasema. Akarudia. Nikambonyezea tena. Tumefanya hivyo mpaka mlinzi akaja kufunga.

Njiani akanishika mkono. Miaka kumi na moja, mbele za watu, akanishika.

Jumamosi, 4 Januari

Salim kaja. Kaleta halua, kamletea Tatu kitambaa. Mtu muungwana, sina la kumsema, nimelitafuta na sina. Tatu kafunga mizigo ya mtoto huku anaimba kwa sauti ya chini, na Tatu haimbi.

Salim akaniambia kando kwamba huko kuna bwawa la ndani, lina paa, na wanawake wametengewa siku zao za kuogelea. Nikataka kumwambia ya chumvi. Nikamwambia badala yake, Shemeji, mwambie kocha wa huko, kuruka anajua, pumzi anayo, tatizo lake ni ukutani. Na akitoka majini usimwulize kawa wa ngapi, mwulize muda wake.

Akasema nirudie, asisahau. Nikarudia.

Sauda akabusu mkono wangu. Nikamshika kichwa. Teksi ikapinda pale kwenye mnazi uliokatika na mimi nimesimama nimekunja mkono kama nimeshika saa.

Tatu kalala na kanga yake usoni. Hajala.

Jumanne, 7 Januari

Mvua ndogo asubuhi. Shule zinakaribia kufunguliwa, watoto wanaleta baiskeli zote kwa pamoja.

Kibwana kaja na ya kwake. Akauliza yuko wapi bingwa wetu, siku hizi hatumwoni.

Nikamwambia kaenda kwa baba yake, Maskati. Hakuwa bingwa. Alikuwa wa kumi na moja. Alipunguza sekunde nne.

Kibwana akavuta kigoda, akakaa, akasubiri. Alidhani kuna inayofuata. Nikaendelea kukwaruza tyubu. Akaniuliza, "Unaumwa, Shabani?" Nikasema siumwi.

Akakaa tu. Sikumfukuza. Mvua ikaanza tena, tukasogeza vigoda ndani.